Nukta za Injinia Kefa

Ukitaka kumjua Injinia Kefa Mtewele, usimuulize kazi. Muulize habari za kompyuta yake, utakaa hapo mpaka chai ipoe. Karakanani kwetu Makambako, tunakotengeneza matangi ya presha ya kutia dawa nguzo za umeme, sisi wengine wote anatuita watu wa mbao. Yeye ni wa Njombe mjini, eti ametembea. Kutembea kwenyewe ni semina moja ya Dar, ambayo bado anaitafuna mpaka leo.

Mwaka huu alipewa kifuniko cha tangi jipya, kilichobinuka kama bakuli. Kompyuta hukigawa kifuniko vipande vidogo vinavyoshikana kama wavu, kisha hupiga hesabu ya mzigo wa kila kipande. Kefa akatamba kwamba wavu wake ni wa daraja la juu: kila ukingo wa kipande una nukta ya ziada katikati, ili upinde pamoja na chuma. Sawa. Ila nukta hiyo lazima uivute mpaka ikae juu ya mbinuko wenyewe. Za kwake zilikuwa zimelala kwenye mstari ulionyooka, na kifuniko kimebaki mapande bapa. Kwa hesabu hiyo ya ovyo akapunguza unene wa chuma. Picha ya hesabu kwenye skrini ilikuwa na rangi nzuri, bosi akasifu.

Nilimwonyesha Kefa kosa hilo, maana tunachorea kwenye meza moja. Akanijibu kwamba mambo haya yataniumiza kichwa bure, mimi Nelly nichore bolti zangu. Mtu hana haya!

Anayefungua valvu mbele ya kifuniko ni Amon, fundi mpole ambaye mkewe ni mjamzito. Kikichanika, wa kwanza kupigwa ni yeye. Ndiyo maana kwetu kuna desturi: siku ya kupima presha, aliyepiga hesabu husimama bega kwa bega na mtu wa valvu. Kefa siku hizo huwa na msiba Njombe. Kwa misiba ile, ukoo wake ungekuwa umekwisha.

Siku ya kupima ilipofika akavaa koti, akaaga anakwenda kuzika. Safari hii nikamweleza Amon nilichokiona. Amon akaweka spana chini.

"Injinia," akasema, "njoo kwanza usimame hapa nilipo."

Kefa alikitazama kifuniko, jasho likamtoka na baridi yote ile. Hakusogea. Akauliza kama pampu haiwezi kuendeshwa kutoka nyuma ya ukuta. Bosi alimwangalia, akazima pampu mwenyewe, akamwamuru arudi kwenye kompyuta.

Akazivuta nukta juu ya mbinuko mbele yetu, akapiga hesabu upya. Upande mmoja wa kifuniko ukawaka nyekundu, rangi ya chuma kilichozidiwa na mzigo. Amon alisimama nyuma ya kiti chake, akaugusa wekundu ule kwenye skrini.

"Hapa ndipo kinapofika kifua changu," akasema.