Kituo cha Kumi na Tisa, Milango Kushoto

Sijawahi kupanda treni maishani mwangu. Garimoshi la mizigo nimeliona Tororo likipita na makontena, nikalipungia mkono kama mjinga, likaenda zake. Lakini niulize kuhusu ile metro ya mji mmoja mkubwa wa India, ile ndefu inayotoka vitongoji vya mbali, ikapasua mji katikati na kutokea upande wa pili, nitakusimulia mpaka uchoke. Nitakwambia wapi inatembea juu ya nguzo na wapi inazama ardhini. Nitakwambia kituo gani milango inafunguka kulia na kituo gani kushoto. Yote hayo niliyajua nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa sokoni Busia, mbele ya gunia la dagaa, ambao sisi tunawaita mukene na wateja wangu wa upande wa Kenya wanawaita omena, na wote wanataka nyongeza.

Chanzo ni macho ya mama yangu. Mama ni mkulima wa Sikuda, mtu wa kujua kila kuku wake kwa mwendo. Miaka michache iliyopita macho yalianza kufunga ukungu, la kulia kwanza, kisha la kushoto, hadi akawa hatofautishi mchana na taa. Daktari wa Tororo alituambia dawa haitafaa kitu. Kioo cha jicho kimekufa, alisema, kinatakiwa kingine, na watu wengi wanakwenda kutiwa India. Kaka yangu ndiye aliyekuwa ampeleke, lakini pasipoti yake ilikwama ofisini ikakataa kutoka. Katika ukoo mzima mtu mwenye pasipoti hai alikuwa mmoja tu, mume wangu, dereva wa lori, ambaye yake imejaa mihuri ya mipaka hadi kwenye jalada.

Hapo ndipo kichekesho kilipoanza, na kwa asiyetoka kwetu inabidi nieleze. Mama ni Msamia, mume wangu ni Mpadhola wa Paya, na pande zote mbili sheria ni moja: mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawagusani, hawakai pamoja, hawali mmoja mbele ya mwenzake, hawatazamani usoni. Si uadui. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mume wangu akifika Sikuda, mama hugeuka akatazama ukuta, na maneno yao hupitia kwa mtu wa tatu. Mtu asipokuwepo, hupitia kwa paka.

"Wee paka, ambia huyo mtu chai iko mezani."

Na mume wangu, mwanaume mzima anayeendesha lori la magurudumu ishirini na mbili, anainama na kumjibu paka, "Ambia mama, asante sana."

Macho yalipoharibika, heshima nayo ikaingia matatani, maana mama hakujua tena ageukie wapi. Ikabidi mume wangu awe anakohoa. Akikaribia nyumba anakohoa mara mbili, mama anajivuta leso usoni na kugeuka upesi. Siku moja alikohoa, mama akageuka kwa adabu zote, akamgeukia yeye hasa, uso kwa uso, macho yamemkodolea bila kuona chochote. Mume wangu alirudi kinyumenyume hadi akakalia sufuria la uji. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nilienda nyuma ya nyumba nikalia, kwa sababu mama alikuwa anauliza, "Ameenda? Ameenda?" na mtu alikuwa bado mbele yake.

Basi hao wawili ndio tuliowapeleka India. Atamshikaje mkono? Nilifunga leso mbili kwa ncha zake, mama ashike mwisho mmoja, mume wangu ashike mwingine, wasigusane. Na wataongeaje? Nilimwambia mama aseme tu hewani, huyo mtu atasikia.

"Hapana," mama akasema. "Mtu nakwenda nchi ya watu, naongea peke yake? Watasema mimi kichaa, wanipeleka hospitali ingine."

Kwa hiyo paka nikawa mimi. Kama kila mfanyabiashara wa Busia nina simu mbili, moja ya laini ya Uganda na moja ya laini ya Kenya. Mama nilimweka kwenye ya Uganda, sikio la kushoto. Mume wangu nilimweka kwenye ya Kenya, sikio la kulia. Mimi katikati nikawa ndiyo forodha.

Walipanga chumba kitongoji cha mbali kabisa, mwanzo wa njia, kwa kuwa huko ndiko rahisi. Hospitali ilikuwa kituo cha kumi na tisa. Safari mbili za kwanza, za kupimwa, zilikwenda vizuri, na ndizo zilizonifundisha vituo. Mume wangu anatazama ubao na kuniambia jina, mimi namtangazia mama, na soko lote linasikia kwa sababu sijui kunong'ona. Jirani yangu wa nyanya akaanza kuhesabu kwa nyanya, moja kila kituo. Wabadilisha fedha walikuwa wakipita na kuuliza, "Wamefika wapi?" kama watu wanaoulizia mpira.

Kilichompendeza mama kuliko vyote ni behewa la kwanza, ambalo ni la wanawake peke yao. Mume wangu aliposoma hayo na mimi nikamfikishia, mama alicheka kwa furaha.

"Kumbe hata wao iko na wakwe! Hawa watu walilelewa."

Sikumsahihisha. Akawa anakaa behewa la wanawake, na mume wangu anasimama mwanzo wa behewa la pili, kwa kuwa mabehewa yale yameungana na hayana mlango katikati. Leso ilinyooka baina yao kama kamba ya kuanikia, na wanawake wa Kihindi wakawa wanairuka kwa heshima. Mume wangu akivuta mara moja, maana yake jiandae. Akivuta mara mbili, shuka.

Siku ya tatu ndiyo iliyokuwa siku yenyewe. Hospitali iliwapigia kuwa kioo kimepatikana, cha mtu aliyefariki na kuacha ruhusa. Kitu hicho hakisubiri. Mama awe amefika kabla ya saa sita mchana ya kwao, la sivyo anatiwa mgonjwa anayefuata, na yeye atasubiri zamu nyingine ambayo hakuna aliyejua itakuja lini, na viza ilikuwa imebaki siku chache. Kwetu ilikuwa ni saa mbili na kitu asubuhi. Nilikuwa sijapima hata kikopo kimoja cha dagaa. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali.

"Kituo cha kumi na saba," nikatangaza. Jirani akaweka nyanya.

"Kituo cha kumi na nane. Mama, jiandae!"

"Nimejiandaa siku nyingi," mama akajibu, na nikasikia anatafuna.

Kituo cha kumi na tisa, milango kushoto. Sikio la kulia nikamsikia mume wangu akihema.

"Mama yako nakataa! Navuta, navuta, iko tu kama mti!"

"Vuta tena!"

"Nimevuta mpaka hii watu naniangalia!"

Nikageukia sikio la kushoto. "Mama, shuka! Anakuvuta!"

"Nani navuta? Hakuna mtu navuta mimi."

"Mama, umeshika leso?"

"Leso nimefunga kwa hii chuma. Mama mmoja hapa amenipa njugu, sasa nitakula na mkono gani?"

Mume wangu alikuwa anaivuta nguzo ya metro. Mwanaume wa Paya, jasho likimtoka, anavuta treni nzima na kunilalamikia kwamba mama yangu leo ana nguvu. Milango ikafungwa. Jirani yangu akawa ameshika nyanya ya ishirini mkononi, hajui aiweke au asiiweke.

Hapo hasira ikanipanda hadi masikioni, masikio yote mawili. "Ingia humo behewani, mshike mkono, umtoe!"

"Nimshike? Mimi? Mama mkwe?"

"Mshike!"

"Hiyo ni mwiko! Na hii behewa ni ya wanawake! Unataka nishikwe na polisi ama na mababu?"

Mama naye upande wa pili akawa amesikia sauti yangu. "Umesema nani anishike? Akinishika, mimi nashuka hapa hapa, treni ikikimbia!"

Kituo cha ishirini kikaja, milango ikafunguka, ikafungwa, wao bado wanabishana kupitia kwangu. Mteja mmoja wa upande wa Kenya, aliyekuwa amesimama na kikapu muda wote, akapoteza uvumilivu.

"Mathe, si uwaunganishe hao waongee? Simu si mkwe ya mtu!"

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nilizitoa simu masikioni, nikazilaza juu ya gunia la dagaa, mdomo wa hii kwenye sikio la ile, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Nikamwambia mama kwamba sasa ataongea na simu ya Kenya, na simu ya Kenya haijamwoa mtu.

Mama akafikiri. Tulimsikia akifikiri, soko zima.

"Simu," akasema hatimaye, "nisikilize. Mimi ni mzee. Sioni. Niambie nafanya nini."

Katika miaka kumi na moja ya ndoa yangu sikuwahi kusikia sauti ya mume wangu ikimfikia mama bila mtu katikati. Alikohoa kwanza, mara mbili, kwa mazoea. Kisha akasema taratibu, "Mama, acha leso. Simama. Ambia huyo mama wa njugu akushike mkono. Mlango iko mkono wako wa kushoto. Mimi nitatembea mbele, nitakohoa, nyinyi mnafuata kikohozi."

"Asante, mwanangu," mama akasema, kisha akakumbuka na kuongeza haraka, "asante, simu."

Nilishindwa kujizuia, nikajifuta machozi kwa mkono wenye harufu ya samaki, na macho yakaniwasha mpaka mchana.

Mama wa njugu, asiyejua neno la lugha yetu, alielewa kila kitu. Alishuka naye kituo cha ishirini na moja, wakapanda treni ya kurudi, wakafuata mtu anayekohoa mpaka mlango wa hospitali. Walifika dakika chache kabla ya saa sita. Leso zangu mbili, za maua mekundu, zilibaki zimefungwa kwenye nguzo, na hadi leo nadhani zinapanda metro bure.

Siku ya kufungua bandeji nilikuwa tena juu ya ndoo, simu mbili, jirani bila nyanya yoyote kwa kuwa alisema leo hakuna vituo. Daktari alimwambia mume wangu asubiri mlangoni, akae kimya, mgonjwa asishtuke. Sikio la kushoto nilisikia plasta ikibanduka. Kisha hakuna sauti. Nikauliza, "Mama?" Nikauliza tena, na nilikuwa tayari nimeanza kujilaumu kwa mambo ambayo hata sikuyafanya.

Ghafla mama akapiga yowe, "Uwii!" na shuka zikavurugika, na kitu cha chuma kikaanguka sakafuni. Nikasimama, ndoo ikabingirika.

"Amefanya nini? Kuna nini?" nikapiga kelele sikio la kulia.

Mume wangu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, sikuweza kumwelewa mwanzoni.

"Amejifunika! Amenigeuzia mgongo, anaangalia ukuta!" akasema. "Na mimi sikukohoa, mke wangu! Haki ya Mungu, sikukohoa hata kidogo!"