Kiungo Aliyecheza kwa Dhamana

Nianze na chumba, kwa sababu chumba kilikuwa changu. Kilikuwa katika nyumba za kaunsili pale Makadara, dirisha likitazama masinki ya saruji ambapo mtaa mzima ulifulia nguo. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na elimu ya darasa la saba. Mchana niligonga masanduku ya bati. Jioni nilizima redio yangu ndogo, nikashika kijiko kama maikrofoni nikazitangazia sufuria mechi ambazo hazijachezwa. Niliamini kuwa siku moja redio itaniita. Bado naamini, ila siku hizi naamini kimyakimya.

Tulilala wawili humo. Mwenzangu alikuwa kiungo wa timu ya mtaa, jezi namba sita, mtu mpole kiasi kwamba akipiga chafya aliuomba ukuta radhi. Alifanya vibarua Industrial Area, leo yupo, kesho hayupo. Mkewe alikuwa nyumbani kwao Magharibi pamoja na mtoto mchanga, na mwenzangu alikuwa amemwona mtoto huyo mara moja tu, kwa siku tatu, na muda wote mtoto alikuwa amelala. Tulikuwa na mapatano. Siku atakayopata kazi ya kudumu, mama na mtoto watakuja na mimi nitahama. Nilikubali upesi, jinsi mtu anavyokubali jambo lililo mbali.

Basi jambo likasogea. Kocha wetu, ambaye siku za kazi alikuwa dereva wa gari la mkate, alikuja na habari kwamba Jumapili afisa wa kiwanda fulani kikubwa atatazama mechi yetu na vijana wa Mathare. Kiwanda kilikuwa na timu yake, na aliyechukuliwa na timu alipewa na kazi. Jioni hiyo mwenzangu alivipaka viatu vyake rangi, vikakauka, akavipaka tena.

"Unaonaje?" akaniuliza.

"Naona ukivipaka mara ya tatu havitakuingia," nikamwambia. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kuangalia godoro langu kama mtu anayeagana na ng'ombe.

Shida ilikuwa mashabiki. Kwingine kocha ndiye hupanga timu. Kwetu jezi zilikaa ndani ya sanduku la bati nililoligonga kwa mikono yangu, sanduku likakaa chini ya kitanda cha mwenyekiti wa mashabiki, na ufunguo ukakaa shingoni mwake. Mashabiki wasipomtaka mchezaji, jezi yake haitoki sandukuni. Kocha alilizoea jambo hilo kama watu walivyozoea mvua ya Aprili.

Na mashabiki hawakumtaka namba sita.

Mwenyekiti alikuwa mzee aliyefungua milango katika korti yetu hapo jirani. Kutwa aliita majina ya washtakiwa na kuwanyamazisha watu. Kwa ajili yake, ubishi wa mpira mtaani kwetu haukuwa ubishi, ulikuwa kesi. Wengine walikosana mitaani mwao wakarushiana mawe. Sisi tulikosana tukaitwa majina matatu matatu na kuambiwa tusimame.

Jumamosi alasiri, nguo zikishaanuliwa, korti ikakaa. Mzee alipanda juu ya saruji ya kufulia akaweka mkeka mdogo chini yake kwa sababu ya unyevu. Mshtakiwa alipewa ndoo iliyopinduliwa. Mpira uliwekwa juu ya stuli peke yake, kama kielelezo, na mtu akakatazwa kuugusa.

"Umeshtakiwa," mzee akasema, "kwamba katika tarehe mbalimbali, kwenye uwanja wa mtaa huu, bila sababu yoyote ya maana, ulipiga pasi za nyuma. Unakubali ama unakataa?"

"Nyingine nakubali, mzee."

"Nyingine zipi?"

"Hizo za nyuma."

"Andika amekataa," mzee akaamuru. Hapakuwa na mtu wa kuandika.

Kiongozi wa mashtaka alikuwa mama aliyekaanga samaki karibu na lango la mtaa. Hakuwahi kukosa mechi, na alikuwa na macho ya kuona offside akiwa amewapa mgongo. Alijifuta mikono kwenye leso.

"Mheshimiwa, mimi sina chuki na huyu mtoto. Miguu anayo. Mpira ukimfikia unatulia kama mtoto aliyenyonya akashiba. Kunyang'anywa, hanyang'anywi, hilo nalisema hata mbele ya mchungaji. Na uwanja anauona. Lakini akishauona anafanya nini? Anageuka, anarudisha. Mimi nikimkaanga samaki upande mmoja tu, kila siku upande huo huo, mtamla?"

"Hatumli," umati ukajibu.

Akaitwa golikipa.

"Mimi," golikipa akasema, "maadui hawanisumbui kama huyu. Adui anakuja mara moja moja. Huyu ananiletea mpira kama maziwa ya asubuhi. Tukishinda narudi nyumbani nimechoka, mke wangu anashindwa kuelewa."

Akafuata straika wetu. Alikuwa na karanga mfukoni hata siku hiyo.

"Mechi ile iliyopita niliona mpira hauji, nikatoka, nikanunua karanga, nikarudi. Hakuna aliyejua."

"Hata refa?" mzee akauliza.

"Refa nilimgawia."

Hapo watu wakaanza kusema kila mmoja lake. Fundi mmoja wa viatu akasema kijana hana kosa, alipowekwa ndipo kosa, ahamishwe awe beki namba mbili. Mama samaki akamuuliza, akiwa namba mbili pasi ya nyuma ataipiga wapi, sokoni? Fundi akasema basi awe golikipa.

"Golikipa akipiga pasi ya nyuma," mama akasema polepole, "hilo ni goli."

Wote tukalitazama jambo hilo akilini. Lilikuwa la kutisha kweli.

Zamu yangu ya kumtetea ikafika. Nilikuwa nimejiandaa siku mbili mbele ya sufuria. Nikasimama, nikaweka mkono sikioni kama watangazaji, nikaanza, "Wapenzi wasikilizaji, mpira anao kiungo wetu, anatulia, anautazama uwanja..."

"Kijana," mzee akanikata, "huku hakuna wasikilizaji. Kuna mahakama."

Ikabidi niongee kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo sikuwa nimeiandaa. Nikasema kiungo ni kama bawaba ya mlango. Hakuna anayeisifu bawaba, lakini itoe uone. Nikasema mwenye mpira ndiye afungaye, na maadui wakiwa hawana mpira hawawezi kutufunga.

"Na sisi tukiwa nao nyuma tunamfunga nani?" mama akauliza. "Golikipa wetu?"

Wakacheka. Nikamwangalia mwenzangu pale juu ya ndoo. Alikuwa akicheka nao, kile kicheko cha mtu asiyetaka kuwaharibia watu siku yao, na viatu vyake vilikuwa miguuni, vinang'aa. Alikuwa amenisihi nisiseme habari za nyumbani kwake. Nikasema.

"Ana mtoto ambaye hajawahi kumwona akiwa macho," nikasema. "Asipochezeshwa kesho hakuna kazi, na pasipo kazi hawawezi kuja. Basi. Sina mengine."

Mwenzangu akainamisha kichwa akaanza kufungua kamba za viatu na kuzifunga tena. Mama samaki alitazama pembeni kwa muda mrefu, kama mtu anayesikia harufu ya mafuta yanayoungua.

"Hilo si la mpira," akasema mwishowe, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Sote tukamgeukia mzee tusikie hukumu. Akavua miwani akaifuta. Akaivaa. Akaivua tena. Na ndipo tukaja kujua jambo ambalo mtaa mzima haukuwahi kulijua. Miaka yake yote kazini alifungua mlango wa chumba kimoja tu, chumba cha kesi zinazotajwa na kuahirishwa. Alijua kesi inavyoanza. Alijua inavyosukumwa mbele. Inavyoisha hakuwahi kuona.

"Kesi hii," akasema, "itatajwa Jumamosi ijayo."

"Na mechi ni kesho," kocha akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo.

"Korti haiendeshwi na mechi, bwana mkate."

Fujo ikataka kuanza. Mama samaki ndiye aliyeizima. "Mzee," akasema, "si umpe dhamana?"

Uso wa mzee ukachanua. Dhamana aliijua vizuri sana. Akaitoa pale pale, na masharti yake. Mshtakiwa atacheza kesho. Kila asubuhi ataripoti kwa mama samaki. Hatapiga pasi ya nyuma hata moja mpaka kesi iishe. Na mdhamini wake, yaani mimi, ataweka redio yake ndani ya sanduku la jezi mpaka siku hiyo. Pasi moja ya nyuma, redio imekwenda.

Niliileta mwenyewe, imefungwa kwa taulo. Mzee aligeuza ufunguo wa kufuli nililolitia mimi, na nilijua halifunguki kwa ujanja.

Jumapili uwanja ulikuwa vumbi tupu. Afisa wa kiwanda alikuja na koti na mwavuli ilhali hapakuwa na wingu, akapewa kiti kilichotolewa nyumbani kwa mtu. Mwenzangu alicheza nusu ya kwanza kwa hofu. Alipiga pasi za mbele mbili tatu, zote zikapotea, na kila ikipotea alimtazama afisa kisha akanitazama mimi.

Kipindi cha pili vijana wa Mathare walimsoma. Walisimama mbele yake kila mahali kama miti ya uzio. Mpira ukamfikia katikati ya uwanja. Mbele hakuna njia, kando hakuna njia, na golikipa wetu huko nyuma ameshanyoosha mikono kwa mazoea.

Hakuupiga. Aligeuka akaanza kuurudisha mwenyewe, kwa miguu yake, hatua kwa hatua.

Tulidhani ni chenga. Akaendelea. Wachezaji wanne wa Mathare wakamfuata, kisha sita, kisha mabeki wao wote wakaja kuona kuna nini. Hawakumnyang'anya. Akafika mpaka kwa golikipa wetu.

"Nipe basi," golikipa akasema.

"Siwezi, ndugu. Niko kwa dhamana."

Akamzunguka golikipa kama mtu anayezunguka nguzo, watu wote nyuma yake, akatokea upande wa pili akiomba radhi kwa kila aliyemkanyaga. Na hapo mbele pakawa peupe. Wote walikuwa huku golini kwetu, isipokuwa golikipa wao, na straika wetu aliyekuwa karibu na mstari wa kati, upande wetu, akitafuna. Pasi ikaenda ya mbele, ndefu, tamu, ikatua miguuni pa straika. Straika akatazama mpira kama mtu aliyeletewa barua si yake. Akatia karanga mfukoni, akakimbia, akapiga. Mwamba.

Tulitoka sare bila bao.

Afisa alifunga mwavuli akaenda kwa kocha. Nilisogea karibu kusikia, na mama samaki naye akasogea, mwiko wake mkononi.

"Yule namba sita," afisa akasema. "Mbona hakumpa mtu mpira?"

Kocha akatafuta maneno. Mama akamjibu, "Alikatazwa, bwana. Akikatazwa kitu ndivyo alivyo."

"Hata wakimzingira?"

"Si umeona mwenyewe."

Afisa akafikiri. "Viungo ninao saba," akasema. "Sina haja na wa nane. Lakini stoo yangu, kila nikimweka mtu, vitu vinatoka. Huyu mwambie aje kesho saa mbili. Mpira atacheza reserve, timu ya akiba."

Mwenzangu alipoambiwa aliketi chini pale pale kwenye vumbi akavua viatu, akavikung'uta, akavikumbatia. Tulipofika chumbani akaniambia, "Sasa wewe utalala wapi?"

"Hayo ya mbele," nikasema, nikaanza kukunja godoro ili nisimpe nafasi ya kuniona uso.

Walikuja mwisho wa mwezi, mama, mtoto, na kuku mmoja aliyekuwa na hasira. Nikahamia kwenye karakana, kati ya masanduku, ambapo ukitangaza mpira mabati yanakuitikia kama uwanja uliojaa. Kesi bado inatajwa. Mwenzangu anaripoti kwa mama samaki kila asubuhi akienda kazini, na redio yangu bado iko sandukuni chini ya kitanda cha mzee.

Mtoto alianza kutambaa miezi michache baadaye, Jumamosi moja, pale kwenye saruji ya masinki, korti ikiwa imekaa. Baba yake alichuchumaa mbele akamnyooshea mikono. Mtoto akamtazama, akacheka, akajisukuma kwa viganja, akaenda kinyumenyume mpaka akagota kwenye miguu yangu.

Mama samaki alimwangalia, kisha akamwangalia mzee.

"Usimwambie asimame," akasema. "Huyo bado ni mdogo."