Fundi Hapimi Tairi la Moto

Fundi wa matairi aliye jirani na kibanda changu cha chai hapa Karatu huanza kwa kupapasa tairi, kama mimi ninavyopapasa birika. Likiwa la moto, geji yake ya kupimia upepo haitoki mfukoni. Tairi la spea nalo hulipima, hata dereva aape liko sawa.

Juzi Noel, dereva wa watalii, alifika mbio kutoka Arusha, akiwahi kuwashusha wageni wake kreta kuona wanyama.

"Fundi, geji yangu inasema upepo umezidi. Punguza, wageni wana haraka."

Fundi akapapasa tairi, akafunga kifungo cha mfuko. "Limechemka hilo, linadanganya geji. Kanywe chai."

Wageni wakamaliza chapati zangu zote. Tairi lilipopoa, fundi akapima, akamwonyesha Noel kwenye geji kwamba upepo umepungua, kisha akavuta mpira wa kompresa na kuongeza upepo.

Noel akaenda kufungua spea bila kuambiwa.