Nani Alimtuma

Shuleni kwetu, upande wa Nduguti, mwanafunzi hubeba madaftari ya darasa zima mpaka nyumbani kwa mwalimu, yakasahihishwe huko. Ndivyo tulivyofanya hata sisi tukiwa wadogo. Mimi ndiye mwalimu wa malezi, kwa hiyo kuitilia shaka desturi hiyo ilikuwa kazi yangu. Sikuitilia shaka.

Mwaka jana binti wa darasa la sita, anayelelewa na bibi yake, hakuonekana shuleni siku tatu. Nikamfuata kwao. Tukiwa wawili tu nyuma ya nyumba, akaniambia kwamba mwalimu wa hisabati alifunga mlango wa nyumba yake, akamshika kwa nguvu. Aliponyoka akakimbia, madaftari akayaacha sakafuni. Nilitaka kumuuliza alifuata nini huko, nikakumbuka. Nilimtuma mimi. Mwenzangu aliomba apelekewe madaftari, jua lilikuwa kali, nami nilikuwa nimechoka.

Mwalimu mkuu alinisikiliza huku akichezea kalamu.

"Madam, tusifike mbali. Mwalimu ataombewa uhamisho, yaishe."

Mwalimu huyo huyo wa hisabati alikuja kwetu kwa uhamisho, na barua safi kabisa. Nilichoka hata kukasirika.

Niliporudi kwa bibi, nilikuta ndugu wa mwalimu wametangulia na mbuzi wa kuomba radhi.

"Nimewaambia waondoke naye," bibi alisema. "Wewe nipeleke polisi, mwanangu, kabla mtu wao hajahama."

Kesho yake asubuhi tulikaa watatu kwenye benchi moja, dawati la jinsia. Askari wa kike, mpole, aliandika polepole. Akamuuliza binti nani alimtuma nyumbani kwa mwalimu. Nilijua uzito wa jibu hilo. Ikionekana alijipeleka, watasema alijitakia, na yule bwana ataanza upya kwenye shule nyingine, na mabinti wengine.

Binti alinitazama, akainamisha kichwa.

"Nilienda mwenyewe, afande."

Alikuwa ananisitiri. Miaka yote nimewafundisha kumlindia mwalimu heshima yake, na huyu somo lilikuwa limemwingia. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

"Futa hapo," nikamwambia askari. "Nilimtuma mimi. Andika na jina langu."

Bibi, ambaye sikuwa nimemwambia, alisogea pembeni ya benchi, mbali na mimi.