Vioo Viwili na Ngitili ya Mjomba Masanja

Mwanangu, kuna asubuhi moja ninaikumbuka mpaka shati nililokuwa nimevaa. Lilikuwa jeupe, la mikono mirefu, na nililivaa makusudi ili kila anayeingia ofisini ajue mtaalamu ni nani. Bariadi wakati huo ilikuwa bado wilaya ndani ya Shinyanga. Mimi nilikuwa kijana wa miaka thelathini na moja, mchora ramani wa mradi mdogo uliopanga vyumba viwili nyuma ya soko, na kazi yetu ilikuwa kuchora mipango ya ardhi ya vijiji. Asubuhi hiyo ndiyo nilifanikiwa kuwasha vioo viwili kwenye kompyuta moja, nikajiona nimefika.

Kompyuta yenyewe haikuwa ya aina unayoijua. Ilitengenezwa kwa ajili ya wachora ramani na watu wachache kama hao, na programu zilizouzwa Mwanza hazikukubali kuingia humo. Aliileta mtaalamu mmoja mgeni, mkataba wake ukaisha, akarudi kwao na kuniachia mashine pamoja na kitabu cha maelekezo kizito kama tofali. Ikigoma sikuwa na wa kumuuliza. Bariadi nzima ni mimi peke yangu niliyeifahamu, na upweke huo, nakwambia ukweli, niliuona kuwa ni cheo.

Shida yake ilikuwa kadi ya picha. Ukichomeka kioo kimoja, kadi ilikipa uwezo wake wote, na ramani ikaonekana safi hata mstari mwembamba kama uzi. Ukichomeka viwili, kadi iligawa uwezo huo nusu kwa nusu. Nukta za picha zikapungua, kila kitu kikaingiwa na ukungu, na mistari myembamba ikamezwa. Kitabu kilisema hayo wazi. Nilisoma, nikaelewa, nikakifungia kabatini, kwa sababu kioo kimoja hata karani wa kawaida alikuwa nacho. Vioo viwili watu walikuja kuvitazama. Madiwani walikuja, walimu walikuja, nami nikawaonyesha jinsi mshale unavyotoka kwenye kioo cha kushoto na kutokea cha kulia, nao wakatikisa vichwa.

Sasa nikwambie habari za mjomba. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la pili, na mjomba Masanja, kaka wa mama yangu, ndiye aliyenilea na kunisomesha. Alikuwa na ng'ombe wengi kiasi, na alikuwa na ngitili, yaani eneo la majani na miti ambalo mfugaji wa Kisukuma analifunga masika yote, hakuna mnyama kuingia, ili kiangazi kikikaza mifugo ipate cha kula. Ngitili ya mjomba aliitunza kwa miaka zaidi ya ishirini. Ilikuwa mwendo wa baiskeli kutoka Shishiyu, kijijini kwetu, na bila hiyo ng'ombe wake wasingevuka Septemba.

Kijiji chetu kilipofikiwa na mradi, wazee walikaa uwanjani wakachora mipaka yao chini kwa majivu na vijiti, na msaidizi wetu akanakili kwenye karatasi kubwa. Barabara na mito alivikoleza kwa wino. Ngitili alizizungushia vidoti vya penseli. Karatasi ikaletwa kwangu, nikaipitisha kwenye skana, nikaanza kuichora upya kwenye kompyuta, karatasi ya wazee ikiwa kwenye kioo cha kushoto na ramani mpya kwenye cha kulia. Nilichora nilichokiona.

Kabla ya mkutano wa kijiji wa kupitisha ramani, mjomba alikuja ofisini. Alivua kofia, akasalimia, "Mwangaluka," akakaa kwenye benchi akisubiri, maana nilikuwa na wageni wanatazama vioo. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Wageni walipocheka akacheka nao kidogo, halafu akaniuliza:

"Mpwa wangu, ngitili yangu imo?"

"Imo, mjomba," nilijibu. Sikugeuza hata shingo.

Hilo tu, mwanangu. Sikuwa na nia mbaya. Nilidhani imo, kwa sababu ingeachaje kuwamo? Alivaa kofia yake akapanda baiskeli akarudi, kilomita zote zile.

Mkutanoni wazee wengine walisita. Walisema hawajui kusoma michoro ya kompyuta, ni heri wapimaji warudi wakatembee tena kwenye mipaka. Niliambiwa baadaye kwamba aliyesimama kuwatuliza ni mjomba. Alisema amemuuliza mtoto wake aliyeichora, na mtoto amemhakikishia. Ramani ikapita. Pale penye ngitili palikuwa peupe, pameandikwa ardhi ya akiba, na mvua za kwanza zilipoanza serikali ya kijiji ikawagawia vijana wapya walime pamba. Wakaingia na shoka na majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Kwa haki kabisa, karatasi wanayo.

Mjomba alikuja tena ofisini. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, na laiti angeyasema. Alikaa palepale kwenye benchi. Nikaanza kumweleza habari za kadi ya picha, kwamba ikibeba vioo viwili inashindwa, kwamba mashine ya namna hii ina mipaka yake. Nilieleza sana. Ili kumthibitishia nikachomoa kioo kimoja, nikaizima kompyuta na kuiwasha upya, nikafungua ile karatasi ya wazee. Vidoti vya penseli vikajitokeza vyote, kimoja kimoja, vimeizunguka ngitili yake.

Aliweka kidole kwenye kioo, akavifuata mpaka akarudi alipoanzia.

"Mashine sikuiuliza kitu," alisema. "Nilikuuliza wewe."

Nilihangaika kurekebisha. Ramani ikachorwa upya, mihuri ikapigwa, lakini pamba ilikuwa imeshafika magotini na miti imeshakuwa mkaa. Kiangazi kilichofuata mjomba alifunga mizigo akahamia Lingeka, huko Meatu, kwa ndugu wa mke wake, na ng'ombe waliobaki.

Nilimfuata huko mara kadhaa. Mara zote alinipokea vizuri, akanichinjia kuku, tukazungumza habari za mvua. Lakini mtu huyu tangu nikiwa sekondari alikuwa akiniuliza kila kitu: maandishi kwenye chupa ya dawa ya mifugo, barua ya shule, neno alilolisikia redioni. Siku moja nikiwa nimekaa pembeni yake aliletewa karatasi ya hospitali. Aliigeuzageuza. Nilinyoosha mkono. Hakuuona, au aliuona. Alimtuma binti yake akamwite mwalimu jirani, na sisi wawili tukakaa tukimsubiri mwalimu aje amsomee, nami mpwa wake msomi nimekaa nimeshika glasi ya maji. Niliumia sana siku ile. Sijawahi kuumia hivyo tena, hata tulipomzika.

Siku hizi nina kompyuta ndogo ya mapajani. Unaichomekea vioo viwili vikubwa, vyote vinang'aa, wala haiombi chochote. Wanangu wa kuzaa walininunulia, wao wako Mwanza na Dar. Mke wangu alinitangulia. Nyumba ni kimya, mwanangu, na mimi navikodolea macho vioo vyangu, picha zake safi kabisa, na mchana unapita hakuna aliyegonga mlango kuniuliza kitu.

Kwa hiyo nisikilize wewe unayeanza kazi. Mtu akikuuliza kama kitu chake kimo, usimjibu kwa kumbukumbu wala kwa haya ya wageni waliokuzunguka. Mwambie, "Ngoja niangalie." Kisha angalia kweli. Chomoa cha kuchomoa, hata kama ndicho kinachokupendezesha mbele za watu. Msogezee kiti aone kwa macho yake, na kama bado huna hakika panda baiskeli ukakanyage mpaka wake kwa miguu yako. Na ukikosea, usianze na habari za mashine. Anza na kusema nimekosa. Mimi neno hilo sikumwambia mjomba siku ile kwenye benchi, na nilipopata ujasiri wa kulisema alikuwa hasikii tena.

Mungu akupe macho mazuri na kazi ya kutosha. Akupe watu wanaokuja kukuuliza, na wasichoke kuja, mpaka uzeeni.