Kimya cha Katikati ya Wimbo

Juzi nilikwenda harusini Chukwani, na harusi za siku hizi unazijua, spika kubwa kuliko bibi harusi. Wakaupiga ule wimbo wa roki wa zamani, ambao hata wajukuu zangu wanaujua. Ulipofika katikati ukanyamaza ghafla, kama kawaida yake, na watu wote wakasimama mikono juu, wanacheka, wanasubiri gitaa lirudi. Mimi sikucheka. Kila mtu anasifu ufundi wa kile kimya. Ufundi gani! Ile ni khofu ya bibi yangu.

Wimbo ule ulitungwa nyumbani kwetu Mlandege, miaka ile ya baada ya Mapinduzi, mchele kwa foleni, na kijana wa nywele ndefu na suruali pana ya bugaluu akionekana hunyolewa njiani. Muziki wa kizungu haukutakiwa hata kusikika, na kaka yangu ndo alikuwa na gitaa. Basi kila baada ya adhuhuri bibi akifunga madirisha yote, akimtia kaka chumba cha ndani, na mimi akinipa mchi nitwange muhogo mkavu ukumbini, ili gitaa lisisikike nje. Joto, vumbi la unga puani, jasho linachuruzika. Wallahi nikiichukia nyumba ile. Kaka naye akawa anapiga kwa kufuata mchi wangu. Bibi alisimama nyuma ya mlango, na akihisi viatu njiani hunyanyua mkono. Hapo mchi kimya, gitaa kimya, asikilize vizuri mpaka vipite.

Sasa mtaani kwetu, jirani akisikia unatwanga, lazima aonjeshwe. Jirani wa mbele mumewe alikuwa mtu wa tawi la chama. Bibi akampelekea bakuli la unga kila mara, sisi tukalala na chai. Naye akilirudisha na ndimu au chumvi kidogo, maana bakuli la mwenzio hulirudishi tupu. Siku moja likarudi tupu, limeoshwa likakauka. Bibi alilitazama sana, kisha akamwita kaka.

"Naam, bibi."

"Yule mwanamke si mchoyo, wala hakukosa adabu. Anatwambia mumewe keshajua. Ondoka, mwanangu."

Kuvuka kwenda bara kulitaka ruhusa. Kaka aliomba kwenda kumtazama shangazi mgonjwa, akapewa. Akaondoka na kikapu cha sokoni tu, gitaa akatuachia. Hakurudi tena, na sisi kila tulipoomba ruhusa tulinyimwa.

Ikapita miaka, mchana mmoja redio ya bara ikaupiga wimbo ule. Bibi alikuwa anachagua choroko. Sauti ya kaka aliijua palepale, na mimi nikaujua mchi wangu, sasa umekuwa ngoma. Wimbo ukafika pale, ukanyamaza. Bibi akanyanyua mkono. Gitaa likarudi, kaka akaendelea kuimba huko aliko, hana wa kumkataza.

"Yeye katoka," bibi akasema, akalia.

Alikufa hajamwona. Jirani naye hayupo, na nyumba imeshaanguka, mimea imeota ukumbini. Kule Chukwani gitaa liliporudi, watu walishusha mikono wakacheza. Mjukuu wangu akanijia, akanishika kiwiko. Mkono wangu ulikuwa bado uko juu.

"Bibi, vipi?"

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Viatu vipite."