Pindo la Kanzu na Damu ya Pili

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilitoka Chunya kwa lori mpaka Iringa nikiimba njia nzima, vumbi likinijaa mdomoni nami sijali. Nilikuwa kijana niliyeishia darasa la nne, mwenye ndoto nyingi kuliko nguo. Mwaka mzima nilikuwa nimechimba dhahabu, na sasa nakwenda kumuoa Mwanahawa, binti wa Mlandege.

Mjomba Shabani, fundi cherehani wa hapo hapo Mlandege, alikuwa ananishonea kanzu ya harusi. Akaniuliza bila kuinua macho, "Na huko machimboni, mpwa wangu, ulikuwa unalala peke yako?"

Kumdanganya sikuweza. Nikamwambia majuma mawili nyuma nililala na mwanamke mmoja muuza togwa, ila nilivaa mpira niliopewa na askari aliyerudi kutoka vitani. Tena nilipopita Mbeya nilipima damu hospitali, haikuonyesha kitu.

"Mpira ni mwavuli," akasema. "Mwavuli mzuri, usiuache. Lakini mvua ya huku hukulowesha miguu hata ukiwa nao. Kaswende hupita kwenye kidonda ambacho mpira haukufunika."

"Mbona damu imesema sina?"

"Hiyo damu ilikuwa bado haijapata habari. Kamuulize dresa."

Dresa wa hospitali, yule mganga msaidizi wa sindano na vidonda, naye akanena hivyo hivyo: ugonjwa huchukua majuma kadhaa kuonekana katika damu, nirudi baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu, na harusi ni Ijumaa! Nikarudi nimenuna. Mjomba akaitandaza kanzu mbele yangu. Kila kitu tayari, pindo tu hamna.

"Pindo nitalipiga siku damu ya pili itakaposema. Ukiona siku hiyo ni mbali, kaoe nyuzi zikining'inia."

Nikaenda mwenyewe kwa Mwanahawa, na mbele ya shangazi yake nikaeleza yote.  Mwanahawa akasema, "Ungeficha, Ijumaa ningekuwa mkeo, na mwakani mgonjwa. Nenda ukangoje. Ila ukingojea Chunya, hapa usirudi." Shangazi akacheka, nami nikapumua.

Miezi mitatu ilipotimia, damu ya pili ilisema ninayo kaswende. Na mwilini sikuwa na maumivu, wala kipele sikukiona. Nikachomwa sindano za penisilini, nikakaa upande upande kama kuku anayetaka kutaga. Yule muuza togwa nikamwandikia barua kwa mwandiko wangu mbaya, naye akatibiwe. Nilipopima tena na dresa akaridhika kwamba nimepona, Mjomba alipiga pindo lile asubuhi moja, akipiga mluzi. Mwanahawa amenizalia watoto watano, na hakuna aliyerithi kosa langu.

Basi, mwanangu, ukivaa mpira umefanya vyema, endelea. Lakini usiugeuze hirizi. Kapime hata kama huumwi popote, uliza siku ya kurudia, na mwenzako apime naye. Mpaka majibu yatoke, jizuieni. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ugonjwa una sindano yake, aibu ndiyo haina.

Mungu akupe damu safi, na kabla ya hiyo akupe ulimi usioficha. Kanzu yako na ipigwe pindo mapema, wenzako wakipiga vigelegele. Amina.